Nani Aliyechukua Mzigo wa Bwana Mkubwa?

Kila Ijumaa, katika nyumba nyingi za pwani yetu, husomwa Suratul-Kahf, na katika sura hiyo mna kisa cha safari ya Nabii Musa, alayhi salaam, alipokwenda kuyatafuta makutano ya bahari mbili. Hakwenda peke yake. Alifuatana na kijana wake, na samaki aliyekuwa masurufu ya njiani alikuwa mikononi mwa kijana huyo. Qurani haikumtaja kijana kwa jina. Lakini mtoto yeyote aliyekaa chuoni vya kutosha atakwambia kuwa yule ni Yushaa bin Nuni, kwani jina lake limepokewa katika hadithi sahihi, na wanazuoni wakalisomesha karne baada ya karne mpaka likatufikia sisi huku Lamu na Mombasa.

Nimelitanguliza jambo hilo kwa sababu miezi hii nimekuwa nikisoma habari za safari ya mkubwa mwingine, mtu wa dunia na wala si wa dini, aliyepita katika misitu ya Mlima Kenya upande wa Meru, kisha miaka mitano baadaye akaponea chupuchupu katika msitu mkubwa zaidi kule Brazili. Mtu huyo ni Theodore Roosevelt. Na kila nilipofunua ukurasa swali langu lilikuwa moja: na samaki, kachukuliwa na nani?

Roosevelt alitoka katika kiti cha urais wa Marekani tarehe 4 Machi 1909, akiwa na miaka 50. Kabla mwezi haujaisha alikuwa keshapanda meli, na tarehe 21 Aprili akashuka Mombasa kutoka meli ya Kijerumani iitwayo Admiral. Alikaribishwa chakula cha jioni katika Mombasa Club, jirani na Ngome, kisha akapanda gari la moshi kwenda bara akiwa amekaa mbele kabisa ya injini, juu ya kibao alichotengenezewa, apate kutazama wanyama vizuri. Pamoja naye alikuwa mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, na wataalamu watatu wa wanyama na ndege. Safari ilikuwa chini ya jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington, na sehemu ya gharama ililipwa na tajiri Andrew Carnegie. Yeye mwenyewe alikuwa na mapatano na wachapishaji ya kuandika makala, na makala hizo ndizo zilizokuwa kitabu, African Game Trails, kilichotoka mwaka 1910.

Alipofika Kapiti alikuta msafara umeshapangwa, na wapagazi mia mbili na zaidi wamejipanga safu. Hapo ndipo inapoanza habari yetu sisi watu wa pwani, maana lugha ya msafara ule ilikuwa Kiswahili. Roosevelt aliitwa Bwana Mkubwa, naye akaandika "Bwana Makuba". Mwanawe aliitwa Bwana Mdogo, halafu wapagazi walipomwona anavyojipamba wakambadilishia wakamwita Bwana Maridadi, na hilo nalo likaandikwa kombokombo. Magazeti ya kwao yakaeneza kwamba nyuma ya mgongo wake wapagazi walikuwa wakimwita Bwana Tumbo. Kama ni kweli sitashangaa. Mswahili humpa mtu jina kwa anachokiona.

Mwezi Agosti msafara ulikuwa Nyeri, na kutoka pale Roosevelt akaingia msituni kutafuta tembo, akiwa na mwindaji R. J. Cuninghame. Waliotangulia mbele walikuwa Wandorobo, watu wa msitu wenyewe. Huo si msitu wa kuingiwa na mgeni kwa ushujaa tu. Baridi yake ni kali, mianzi imesongamana hata mtu hamwoni mwenzake aliye hatua tano mbele, na ardhi ni tope na mizizi. Wandorobo ndio waliozisoma nyayo, waliosikia tawi likivunjika mbali, na waliojua upepo unaelekea wapi. Roosevelt alimpiga tembo mmoja akamwangusha. Kabla hajatia risasi nyingine, tembo wa pili akatokea kichakani, karibu kiasi cha kuweza kumfikia kwa mkonga. Akajificha nyuma ya mti na bunduki tupu mkononi. Cuninghame akafyatua mara mbili, na yule tembo akageuka akaenda zake. Usiku ule moto ulikokwa, nyama ikaliwa, na rais wa zamani wa Marekani akala moyo wa tembo uliobanikwa kwenye kijiti.

Kutoka Nyeri akazunguka mlima kwa upande wa kaskazini, akafika Meru na Uaso Nyiro. Boma la Meru lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, limewekwa mwaka 1908 na Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Embu serikali ilikuwa imeshaingia kwa bunduki mwaka 1906. Kwa hiyo nchi ambayo Roosevelt aliitembea ilikuwa na watu waliopigwa juzi, au waliosikia jirani zao wamepigwa wakaona bora wasubiri.

Sasa linakuja neno ambalo limenikera tangu zamani katika vitabu vya namna hii, nalo ni kuuita msitu kuwa "haujajulikana". Haujajulikana na nani? Ludwig Krapf, yule padri wa Rabai, aliuona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1849 akiwa Ukambani, kwenye nchi ya mfanyabiashara Kivoi. Lakini kabla hajauona kwa macho yake alikuwa ameshaelezwa. Mtu mmoja wa Uembu, ambaye Krapf alikuwa na adabu ya kuliandika jina lake, Rumu wa Kikandi, alimwambia kwamba kwao ni karibu na mlima mweupe na kwamba amewahi kwenda huko. Watu wa Embu walisema hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi, na kwa sababu ya kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo kikubwa. Kitu hicho ni barafu. Krapf alipopeleka habari Ulaya, mabwana wa elimu walimcheka wakasema theluji haiwezi kukaa penye jua la ikweta. Walikuwa wamekaa vitini London. Rumu wa Kikandi alikuwa amekwenda.

Na wakazi wa Chuka, baina ya Meru na Embu, walikuwa wameufanya msitu kuwa ukuta wa mji. Njia zao zilikuwa nyembamba, zimefichwa, na zenye vizuizi, na adui asiyezijua alikuwa amekwisha kabla hajawaona wenyeji. Miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliusaka msitu huohuo kwa ndege za mabomu ikiwatafuta wapiganaji wa Mau Mau, na Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe mwaka 1963, uhuru ulipokuwa umefika. Msitu uliomficha mtu miaka yote hiyo, yeye alikuwa akiujua.

Liko jingine linalotuhusu sisi zaidi. Wazee wa Meru husimulia kuwa asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kisiwani, baharini, na kwamba huko walitawaliwa na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Walipochoshwa na dhuluma wakatoroka usiku wakiongozwa na kiongozi wao, maji yakawapasukia wakapita. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa hadithi hiyo inamkumbusha nani. Watafiti waliokwenda Meru, kama Mtaliano Bernardo Bernardi na Mmarekani Jeffrey Fadiman, waliipokea kwa uzito, na wapo waliosema Mbwaa hiyo huenda ni Manda, pale mkabala na Lamu. Mimi sitalikata shauri hilo katika gazeti. Lakini nikikaa na mzee wa Kimeru akaniambia "sisi tulitoka kwenu", siwezi tena kumsikiliza mtu akiniambia kwamba Bwana fulani ndiye aliyeifungua njia ya kwenda kwake.

Narudi kwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hivi, kichwani au begani, mbali na blanketi lake na sufuria yake. Miongoni mwa mizigo hiyo palikuwa na kasha la vitabu. Roosevelt alikuwa msomaji mkubwa, na katika hilo namheshimu. Alichagua vitabu vipatavyo 60, vikakatwa pembe na kujalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili damu na jasho na matope visiviharibu, vikatiwa kasha la alumini. Alieleza kwamba kasha lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Basi yupo mtu mmoja aliyepanda na kushuka mabonde ya Mlima Kenya akiwa amejitwika washairi wa Kiingereza, Kiitaliano na Kijerumani kichwani mwake. Pengine alikuwa Mwislamu, na ile ngozi ikamfanya atie neno chini ya pumzi kila akilinyanyua. Mimi nafanya kazi ya ushairi, na nakiri kwamba mtu huyu amenishughulisha kuliko tembo wote.

Hana jina.

Kitabu cha Roosevelt kina nyongeza mwishoni. Kimeorodhesha wanyama waliouawa na yeye na mwanawe, 512 kwa jumla, kila aina na idadi yake: simba 17, tembo 11, na wengineo. Kimeorodhesha panya na wanyama wadogo, walionaswa wapi na kwenye kimo gani. Kimeorodhesha hata vile vitabu vya kasha la alumini, kimoja kimoja, pamoja na maelezo kwa nini hiki kilichaguliwa na kile hakikuchaguliwa. Nyongeza ya wapagazi haimo. Na si kwamba majina hayakujulikana, maana kila msafara ulikuwa na mnyapara, na mpagazi haandikwi kazi wala halipwi mshahara ila kwa jina.

Nitakuwa sikumtendea haki marehemu nikisema hakumtaja mtu yeyote. Waliokuwa karibu na mwili wake amewataja. Ali na Bill walimtazama hemani. Muhamed na Bakari walimbebea bunduki, na baadaye wakaja Kongoni na Gouvimali. Kermit alikuwa na Juma Yohari na Kassitura, na Juma amepigwa hata picha akiwa na swala. Kuna kurasa ambapo Roosevelt awasifu watu hawa kwa nguvu, subira na uchangamfu wao, na kuna kurasa ambapo awafananisha na watoto. Watoto! Watu waliokuwa na wake na wana, ambao wengine wao walikuwa wamekwenda na kurudi kutoka maziwa makuu kabla yeye hajajua Afrika iko upande gani wa ramani.

Hakuwa yeye wa kwanza. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha mlima huo pamoja na Wataliano César Ollier na Joseph Brocherel, na majina yote matatu yapo katika kila kitabu cha wapanda milima. Msafara wake ulikuwa na wapagazi Waswahili. Wawili kati yao waliuawa walipotumwa kutafuta chakula ili wale waliokuwa juu wapate kula na kupanda. Vilele vikapewa majina ya malaibon wa Kimaasai, Batian na Nelion, jambo jema kwa upande wake. Bonde likaitwa Mackinder. Wale wawili hawakupewa hata jiwe.

Mtu ataniambia: Bwana we, ndivyo ulimwengu ulivyokuwa, nani wakati ule aliyejali jina la mchukuzi? Namjibu kwa safari ya pili ya Roosevelt huyohuyo.

Mwaka 1912 aligombea tena urais, akashindwa. Mwaka uliofuata akaenda Amerika ya Kusini, na huko serikali ya Brazili ikamwunganisha na Kanali Cândido Rondon, mwanajeshi aliyepitisha nyaya za simu katika misitu ya ndani na ambaye kwa nasaba yake mwenyewe alikuwa na damu ya wenyeji wa nchi. Palikuwa na mto ambao Rondon alikuwa ameona chanzo chake tu, wala haikujulikana serikalini unamwaga wapi, ukaitwa Rio da Dúvida, Mto wa Shaka. Tarehe 27 Februari 1914 wakaanza kuushuka, watu 22 katika mitumbwi saba. Roosevelt alikuwa na miaka 55. (Umri huo naujua vizuri, na kwangu hata ngazi za jengo la gazeti ni safari.) Alisema ilikuwa fursa yake ya mwisho ya kuwa mvulana.

Mto uliwapa yale ambayo Mlima Kenya haukumpa. Maporomoko yalifuatana hata wakawa wanaburuta mitumbwi nchi kavu kwa siku nyingi kuliko walivyoipiga kasia. Mitumbwi ikapotea, chakula kikapungua, homa ikawashika. Roosevelt alijiumiza mguu majini akijaribu kuokoa mitumbwi, jeraha likatunga usaha, na homa ikampanda hata akawaambia wenziwe wamwache hapo wao waende. Kermit, yule Bwana Maridadi wa Meru, alikataa kumwacha baba yake. Alipotoka msituni alikuwa amepungua zaidi ya ratili 50, na hakurudi tena kuwa mtu aliyekuwa. Alifariki tarehe 6 Januari 1919.

Na huko nako msitu ulikuwa na wenyewe. Watu wa kabila la Cinta Larga walikuwa wakiwafuata bila ya kuonekana. Mbwa wa Rondon alipigwa mishale akafa, na watu hawakuguswa. Rondon aliwaachia zawadi pale msituni, kwa kuwa kanuni yake ilikuwa kwamba askari wake wafe ikibidi, lakini wasiue. Roosevelt na wenziwe waliupita mto ule kwa hisani ya wenye mto.

Lakini nililotaka kulisema ni hili. Mapema katika safari, mtumbwi wa Kermit ulivutwa na maji ukatumbukia katika maporomoko. Kermit aliokoka kwa shida. Mmoja wa wapiga kasia wake, jina lake Simplício, akazama, na maiti yake haikuonekana. Alikuwa mtu wa kazi, mchukuzi na mpiga kasia, sawa na wapagazi wetu wa Kapiti. Kabla ya kuondoka pale, Rondon alisimamisha nguzo yenye maandishi kuwa hapa ndipo alipopotea maskini Simplício, na maporomoko yale akayaita kwa jina la mtu huyo. Mto mzima ukapewa jina la Roosevelt, na mpaka leo ramani za Brazili zinauita Rio Roosevelt. Ila Simplício naye akapata yake. Mwaka ni 1914, ulimwengu ni uleule, Bwana Mkubwa ni yuleyule. Tofauti ni kwamba mwenye kushika kalamu ya msafara alikuwa Rondon, na Rondon aliona kwamba mtu akifa akiwa amechukua mzigo wako, una deni.

Mwaka huohuo wa 1914 vita vilianza kwetu, na wapagazi wakatafutwa kwa maelfu, wakiwamo watu wengi wa Meru na Embu, wakapelekwa kuchukua mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika ya Wajerumani. Wengi hawakurudi, maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Mombasa tunazo sanamu zao katika barabara ya Jomo Kenyatta, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Watu hupita pale na mikokoteni yao, nao wachukuzi vilevile, na wala sijamwona aliyesimama kusoma. Angesimama angekuta lugha tatu na asikute jina hata moja.

Serikali za kaunti za Meru na Embu hupenda kuwaonyesha watalii msitu wao, na ni haki yao, kwani tangu 1997 mlima na msitu wake umo katika orodha ya urithi wa dunia. Ukifika Meru utapelekwa kuuona mti mkubwa wa muuru katika msitu wa Imenti. Sioni kwa nini pasiwe na kibao, penye njia inayoingia msituni, chenye majina ya Ali, Bakari, Juma Yohari, Kassitura na Kongoni, na chini yake nafasi iliyoachwa wazi kwa wengine. Jumba letu la makumbusho hapa Ngome nalo lina ukuta wa kutosha.

Majina mengine yako majumbani. Katika miji mingi ya bara, na Embu ni mmojawapo, upo mtaa uitwao Majengo, na wengi wa walioianzisha mitaa hiyo walikuwa wapagazi, askari na wachuuzi waliotoka pwani wakaoa wakabaki. Wajukuu wao wangali hai. Juma Yohari alikuwa na mama na alikuwa na kwao. Kama katika Mji wa Kale, Kisauni, Unguja au hizo Majengo za bara kuna nyumba iliyomjua kwa jina hilo, au inayo kipande cha karatasi cha mshahara wa safari ya 1909, au imehifadhi wimbo uliokuwa ukiimbwa na wachukuzi wakipanda Nyeri, naomba tuletewe hapa gazetini. Wimbo nitaupokea hata ukiwa nusu.